Hukumu ya Mvua

Tangu sheria iwakataze watu wanaopingana kuhusu hukumu za Mahakama Kuu kuishi mtaa mmoja, Mghoi alikuwa akila peke yake. Jumapili moja mtangazaji wa redio aliuliza ni hukumu ipi iliyoligawa taifa zaidi. Wengi walitaja ya uchaguzi. Mghoi akapiga simu.

"Ni ile iliyosema mvua ni mali ya serikali."

Mtangazaji akacheka. "Mama, hiyo nani bado anaikumbuka?"

"Mume wangu Mwadime aliiunga mkono, mimi nikaipinga, wakamhamishia ng'ambo ya ukuta unaotenganisha mitaa. Matangazo yenu yanafika huko?"

"Hapana, mama. Hayaruhusiwi."

"Hata hivyo mwambieni mguu wangu umepona. Natembea."

"Tutamwambia," mtangazaji alisema, kisha akaweka muziki.