Gunia Kwenye Shafti

Fundi alipochomoa shafti ya boti, Luciana hakuona sili mpya, ile mpira ya kuzuia maji yasiingie. Aliona kipande cha gunia kilichosokotwa kama kamba, cheusi kwa grisi, kikidondosha maji kwenye mchanga wa Kabwe.

Alikuwa ameshuka kutoka Mpui kuchukua nguo za marehemu mumewe. Boti hiyo ilijaa maji ziwani ikazama na mumewe, kisha ikaopolewa. Shemeji yake, kaka wa marehemu na mwenye boti, aliapa msibani kwamba ni wimbi, na kwamba sili alikwisha kuibadilisha, kama marehemu mdogo wake alivyomsihi.

“Hapa hakuna sili iliyobadilishwa,” fundi alisema taratibu. “Wameshindilia gunia tu. Maji yalikuwa yanaingia siku zote.”

Shemeji, aliyesimama kando yao, aliinamisha uso. “Shemeji, siku yake ilikuwa imefika. Tumwachie Mungu.”

Luciana alikiokota kile kipande, akakikamua mpaka grisi ikamwingia kwenye kucha, kisha akakifunga ndani ya shati la mumewe.

“Unakipeleka wapi?” shemeji aliuliza.

“Kwa mama yenu,” alisema. “Aliyewazaa nyote wawili.”