Siwema wa Jumamosi

Jumamosi, saa nne asubuhi, Jeska aliwaandikia wasomaji wake kwamba yuko jikoni kwa mama yake, Butiama, anachambua furu, visamaki vya ziwani, na mama anamcheka jinsi alivyosahau kazi. Aliyaandika hayo akiwa amesimama chooni kiwandani, Musoma, na buti za mpira miguuni, zikiwa zimebaki dakika saba mapumziko yaishe. Akabonyeza kutuma, akavaa glavu, akarudi kwenye minofu ya sangara.

Blogu yake ilikuwa imelala miaka mitatu, tangu alipofanywa msimamizi wa zamu. Mwaka mpya alikaa kwa mama siku nne, akamkuta presha imempanda na macho yamefifia kiasi cha kutojua kidonge kipi ni kipi. Aliporudi mjini akaapa kuandika tena: kila Jumamosi, bila kukosa, habari kutoka jikoni kwa mama. Makala ya kwanza ilikuwa kweli tupu, na watu waliipenda.

Wiki ya pili Gibson, meneja wake, alifuta siku zote za mapumziko. Jeska hakwenda Butiama, ila ahadi ni ahadi, akaandika kana kwamba amekwenda. Wiki ya tatu vilevile. Alitunga mboga, alitunga mvua, alitunga na maneno ya mama. Wasomaji wakaongezeka, naye akaonja tena ule utamu aliokuwa ameusahau, wa kuwa mtu anayesubiriwa.

Kisha msomaji mmoja akauliza: "Wewe unaenda Jumamosi tu. Siku nyingine huyo mama kipofu anakaa na nani?"

Jibu la kweli lilikuwepo. Akina mama wa Jumuiya ya kanisani, wakiongozwa na Mama Judith, walikuwa wakipeana zamu kwa mama yake: huyu leo ampikie na kumpa vidonge, yule kesho amfulie na kumwogesha. Lakini Jeska aliona haya kuandika kwamba mama yake analishwa na majirani wakati mwanawe wa pekee yuko mwendo wa saa moja tu.

Hivyo akamzaa Siwema kwa vidole gumba viwili. Binti kutoka kijiji cha Mugeta, miaka ishirini, mcheshi, mkono mzuri wa ugali wa mtama. "Nimemleta akae na mama siku zote," aliandika, "mimi nakuja Jumamosi kumpumzisha." Wasomaji wakampenda Siwema kuliko hata mama. Wengine waliuliza namba ya kiatu chake.

Hakuogopa kuumbuka. Wasomaji wake walikuwa Dar, Mwanza na ughaibuni. Akina mama wale wa Butiama, kwa hesabu zake, simu zao zilikuwa za tochi.

Na si kwamba alimtupa mama. Alimpigia simu kila alipopata upenyo, mashine zikinguruma nyuma yake.

"Mama, unakula?"

"Nakulaga, mwanangu."

"Wenzako wa Jumuiya wanakuja?"

"Watu wana shughuli zao, Jeska. Na wewe fanya yako. Utakuja lini?"

"Jumamosi, mama."

Usiombe kujua alisema Jumamosi ngapi. Kila mara aliimaanisha, na kila mara sangara walifika kabla yake.

Mwezi wa tatu, chini ya makala ya tisa, mtu asiyejitaja jina aliandika: "Ubarikiwe, mwanetu. Umetupumzisha." Jeska akaweka alama ya moyo, akapita.

Jumatano moja, saa tatu asubuhi, simu ikaita akiwa kwenye chumba cha baridi. Alikuwa Onesmo, muuza maziwa. Alikuwa anapita na baiskeli, akaona mlango wa mama uko wazi na kuku wamejaa ndani. Mama alikuwa sakafuni, karibu na mtungi. Alikuwa ameshakuwa wa baridi.

Jeska alilia mpaka Gibson mwenyewe akampa ruhusa, bila kuulizwa.

Msibani walimpokea vizuri mno. "Pole kwa kuuguza," walimwambia mmoja mmoja, wakimshika mikono yote miwili, naye aliitikia. Aliyajua yanayokuja. Kabla ya kwenda kaburini, wasifu ukishasomwa, aliyemuuguza marehemu husimama mbele ya watu akaeleza ugonjwa ulivyokwenda na siku za mwisho zilivyokuwa. Angesimama Mama Judith, nani mwingine? Na Mama Judith hakuwa mtu wa kupindisha. Angesema mbele ya ukoo mzima kwamba mtoto hakuonekana tangu mwaka mpya. Jeska alikubali moyoni. Angalau mama hakuwa peke yake. Aibu angeibeba.

Wasifu ulisomwa. Mwenye kuongoza shughuli akauliza aliyemuuguza mama ni nani. Mama Judith akasimama, akafunga kanga yake vizuri.

"Huko nyuma tulikuwa sisi wa Jumuiya," alisema. "Lakini siku za mwisho mimi siwezi kuzisema. Judith wangu anatusomeaga kwenye simu haya anayoandika Jeska. Aliposoma kwamba ameleta binti wa kukaa na mama, tukaona tukiendelea kuingia jikoni kwa watu tutaonekana tunapeleleza. Tukaacha, tangu mwezi wa pili."

Akamgeukia Jeska. Macho yake yalikuwa na huruma tu.

"Mwanangu, mwite Siwema aje hapa mbele. Watu wanataka kujua mama alikula mara ya mwisho lini."