Mlio wa Chumba cha Pili

Fundi alikuwa ameielekeza feni ya mezani kwenye diski ya kompyuta ya mjane, maana diski hiyo ikipata joto tu inagoma. Hata hivyo ilisikika chini ya uvumi wa feni: ta, ta, ta, kisha mkwaruzo mfupi, kama mtu anayesafisha koo.

"Mama, nani amekuwa akiiwasha hii?" aliuliza, hasira akiwa ameimeza nusu. "Ugonjwa huu si wa jana. Kila ikiwashwa inazidi kuharibika."

"Mimi," mjane akasema. "Kila jioni."

"Ufanye nini?"

"Niisikilize. Marehemu mume wangu alikuwa akiifanyia kazi chumba cha pili. Nikiwa jikoni nikausikia mlio huo, najua yupo."

Fundi akageukia kompyuta yake. Barua zilikwisha kunakiliwa kutoka kwenye diski, na picha za watoto pia. Zilibaki za harusi, dakika kumi hivi, na diski ilishaanza kusuasua.

"Na mlio wenyewe umeunakili?" mjane akauliza.

Fundi alidhani anataniwa. "Mlio haumo kwenye mafaili, mama. Hivyo ni vyuma vinasagana."

"Simu yako si inarekodi?"

"Inarekodi. Lakini kwa kelele za feni hii haitanasa kitu. Na nikiizima feni, picha za harusi siwezi kukuahidi."

Mjane akavuta stuli, akaketi karibu na diski, akainamisha sikio.

"Harusi naikumbuka," akasema.

Fundi akaweka simu mezani, akazima feni.