Mitumbwi Miwili ya Mikorosho Saba

"Mitumbwi miwili," Bi Najat alisoma. Akainua macho. "Ya kuvushia wanafunzi."

Mwalimu Kamugisha alihisi jasho likimshuka mgongoni mpaka kwenye mkanda. Shule ya Msingi Mikorosho Saba ipo Mbagala, katikati ya mabanda ya chipsi na mafundi cherehani. Maji pekee ya karibu ni ya bomba, nayo hutoka yanapojisikia.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kila mkuu wa shule alitakiwa kuandika mpango mkakati wa miaka mitatu wa maboresho endelevu, naye akaahirisha hadi zikabaki siku mbili. Ndipo akamkumbuka Asifiwe, rafiki yake wa chuo, mkuu wa shule moja kisiwani huko Ziwa Victoria. Asifiwe akamtumia mpango mzima kwa WhatsApp. "Hata mie niliukuta kabatini," aliandika. "Mtamu balaa. Badilisha jina la shule tu, braza."

Kamugisha akabadilisha jina la shule. Basi.

Na Bi Najat, afisa elimu aliyehamia wilayani mwezi uliopita, hakuwa mtu wa mchezo. Alipita shule kwa shule akichechemea kidogo, kalamu nyekundu mkononi, akisoma kila mpango mbele ya mwandishi wake. Wiki hiyo pekee wakuu watatu walionakili walikuwa wamevuliwa cheo na kurudishwa kushika chaki. Kamugisha alikuwa na miezi mitano tu kwenye kiti, na mkewe Flaviana alishaanza kupewa heshima zake sokoni kama mke wa mkuu. Angemwambia nini?

"Mpango huu umeuandika mwenyewe?"

"Neno kwa neno, mheshimiwa."

"Haya. Mitumbwi."

Kamugisha akajiambia liwalo na liwe. "Masika, mheshimiwa! Bonde la nyuma ya soko linafurika, watoto sabini na watatu wanabaki ng'ambo. Sasa mkuu wa shule mwenye maono akae anaangalia tu?" Hiyo sabini na tatu ilimtoka yenyewe, lakini alipoisikia aliiamini.

"Hata mie mwaka jana maji yalipita na kiatu changu," alidakia Mwalimu Albano wa taaluma, ambaye nyumba yake imo humo humo ndani ya uzio wa shule.

Bi Najat akaandika kitu. "Na nahodha?"

"Tutamtafuta anayejua hisabati. Asubuhi anavusha watoto, saa nne anafundisha sehemu."

Uongo ulianza kumnogea. Akasimama, akachora bonde ubaoni. Akaongeza majaketi ya kuelea, ya njano, ili mtoto aonekane hata kukiwa na ukungu. Bonde lililoanza na mita thelathini likafika mia moja na ishirini, na lingeendelea kama ubao ungekuwa mrefu zaidi. Albano alikuwa amejifunika mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika.

Bi Najat aliendelea kugeuza kurasa taratibu. Midomo yake ilichezacheza hata kabla macho hayajatua kwenye mstari. Kamugisha alidhani anasoma dua.

"Ukurasa wa tisa," alisema, akiwa bado hajaufunua. "Mamba."

Darasa la jirani walikuwa wanaimba jedwali la mara saba, na walikuwa wanalikosea.

"Mamba," Kamugisha alikubali.

"Shule itawalinda wanafunzi dhidi ya mamba. Hapa Mbagala."

"Mheshimiwa, tangu nikabidhiwe ofisi hii hajaonekana mamba hata mmoja." Akanyoosha kidole juu. "Hata mmoja! Na hatujabweteka. Lengo letu ni kubaki hapo hapo kwenye sifuri, mwaka hadi mwaka. Sasa hayo kama siyo maboresho endelevu, ni nini?"

Albano akatoka nje kukohoa.

Bi Najat alimtazama mkuu wa shule. Kisha akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyesahau kwamba yeye ni bosi, mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akafunika kalamu yake nyekundu bila kuitumia.

"Nimesoma mipango arobaini, Mwalimu. Huu ndio bora kuliko yote, sijaona kosa hata la nukta. Ijumaa nimewaita wakuu wa shule wote wa wilaya. Utasimama mbele uwaeleze jinsi ulivyouandika, ukurasa kwa ukurasa. Mie nitakaa kiti cha kwanza kabisa."

Kamugisha alitamani kuruka. Furaha ilimjaa hadi akampa mkono mlinzi, ambaye walishasalimiana naye asubuhi. Kabla hawajamaliza kuvuka uwanja kumsindikiza mgeni kwenye gari, alishamtumia Flaviana ujumbe: *Suti ipigwe pasi. Ijumaa nafundisha wilaya nzima.*

Mchanga wa Mbagala hauna adabu kwa viatu vya ofisini. Bi Najat akakaa kwenye kiti cha gari, mlango ukiwa wazi, akavua kiatu cha kushoto na kukikung'uta. Kamugisha akauona mguu. Ulikuwa umebakiwa na vidole viwili.

"Pole sana, mheshimiwa," alisema, na huruma ilikuwa ya kweli. "Ilikuwa ajali?"

"Mamba," alijibu Bi Najat, akirudisha kiatu mguuni taratibu. "Ndiyo maana nikaongeza ukurasa wa tisa."