Misumari ya Bibi Perusi

Bibi Perusi aliingia kwa fundi wa majeneza akiwa na kamba mkononi. Fundi Melkiori aliipokea, kwani wafiwa huja na kamba yenye urefu wa marehemu.

"Pole, bibi. Nani ametutoka?"

"Bado. Hiyo ni yangu. Daktari amesema Pasaka sitaiona."

Kamba ikamponyoka fundi. Bibi akaiokota, akaikung'uta vumbi la mbao, akamrudishia.

"Huogopi, bibi?"

"Usiku naogopa. Lakini kifuniko usikipigilie sana, mwanangu. Yesu akiniita, nisihangaike kutoka."

Wiki mbili baadaye, mbele ya wafiwa, Melkiori alipigilia misumari mitatu. Akaushika wa nne, akainua nyundo, mkono ukagoma kushuka.