Habari za Mbuzi

Tangu daktari amwachishe sigara na kumwambia atembee kila siku kwa ajili ya moyo wake, Mzee Kibwana alikuwa akipanda kilima kila asubuhi kwenda kumjulia hali binti yake. Katikati ya kilima, mbele ya kibaraza cha Bi Sikitu, fundi cherehani, pumzi ilimwishia. Kusema amechoka hawezi, mwanamume yeye. Basi alikaa kwenye kigoda akasalimia: habari za nyumbani, za watoto, za shamba, hata za mbuzi. Bi Sikitu alimjibu moja moja, bila haraka, mpaka kifua kitulie.

Leo alishtukia yuko mlangoni kwa binti yake, anapiga hodi kwa sauti iliyojaa. Hakukaa popote! Akacheka peke yake. Kisha akakikumbuka kigoda, akamjulia hali binti yake kwa haraka, akageuka na kushuka upesi.

"Leo umenipita kama hunijui," Bi Sikitu alisema, amenuna.

"Niwie radhi. Nimefika juu bila kujua."

Cherehani ikanyamaza. "Bila kupumzika?"

"Kumbe ulijua napumzika?"

"Mzee Kibwana, mbuzi wangu alikufa mwaka juzi. Kila siku nakwambia hajambo, upate pumzi tu."

Walicheka hadi machozi yakawatoka. Mzee Kibwana akakivuta kigoda, akakaa, pumzi tele kifuani.

"Enhe," akasema, "na mbuzi je?"

"Hajambo," akajibu Bi Sikitu, akifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Jana kazaa mapacha."