Mbio za Duane Haugen

"Nani alinigusa? Nitajie mmoja tu!"

Duane Haugen alisema hayo mbele ya kioo, akijitahidi kulivuta tumbo liingie ndani ya jezi. Tumbo lilikataa. Mkewe, Joleen, alikuwa akimfunga mito ya kinga mabegani bila hata kumtazama.

Mji wa Orla, Nebraska, ulikuwa umeisikia hadithi hiyo mpaka ukakinai. Ilikuwa mechi ya mwisho ya shule, ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi, dhidi ya mji jirani wa Fenwick. Duane, aliyesugua benchi msimu mzima, akaingizwa, akapewa mpira, akachanja mbuga kutoka upande huu wa uwanja mpaka ule, na Fenwick wote wakabaki wamelala kwenye nyasi. Aliisimulia kwa kinyozi. Aliisimulia kanisani. Katika mazishi ya shangazi yake aliisimulia pia, jeneza likimsubiri amalize.

"Baba, hapo umetia chumvi gunia zima," binti yake, Marlee, alizoea kumwambia. "Wewe ukipanda ngazi tu unahema."

Maneno hayo yalimchoma. Wengine na wacheke, lakini si Marlee, tena mwezi ujao alikuwa anahamia chuoni. Kwa sababu hiyo Duane alijiunga na timu ya ridhaa ya mji, wanaume wazima wenye magoti mabovu wanaocheza Jumapili baada ya ibada. Na jana mezani aliapa: asipoufikisha mpira mwisho wa uwanja mbele ya Fenwick, jezi yake ya shule itashushwa ukutani, na hadithi yenyewe hataisimulia tena.

"Amina," Joleen alijibu upesi.

Uwanjani alipokewa na nahodha wa Fenwick, Troy Bohlke, ambaye naye alicheza ile mechi ya shule.

"Haugen, mzee mzima! Mama hajambo?"

"Alifariki mwaka juzi."

"Loo, pole sana, ndugu yangu. Mama yule alikuwa na moyo wa peke yake."

"Ahsante. Sasa mwambie binti yangu ukweli. Siku ile mlinigusa?"

Troy alimtazama Marlee, akajikuna kidevu. "Hatukumgusa," alisema. "Hata mmoja wetu. Haki ya Mungu."

Duane alivimba kichwa hadi kofia ngumu ikambana. Marlee alibaki akimtazama Troy.

Kipindi cha kwanza kilikuwa msiba. Kila alipopewa mpira, Fenwick walimwangukia kama magunia ya mahindi, na jukwaani watu wakapiga kelele: "Debe tupu! Mtoeni huyo!" Alitoka akichechemea, mdomo umejaa udongo. Wakati wa mapumziko alimtafuta Marlee jukwaani asimwone. Alidhani ameondoka kwa aibu, na moyo ukamuuma kuliko mbavu.

Mechi ilikuwa ukingoni kocha alipoagiza apewe mpira kwa mara ya mwisho, zaidi kwa huruma kuliko kwa matumaini.

Duane akakimbia. Beki wa kwanza aliteleza. Wawili waliokuwa wakimjia kutoka pembeni waligongana wenyewe kwa wenyewe wakaanguka. Troy alimrukia kwa nguvu zote, akakumbatia hewa, akalala kifudifudi. Duane aliuvuka mstari wa mwisho, akapiga magoti, akatapika, akanyanyua mikono. Jukwaa zima lilisimama, na wale wale waliomwita debe tupu sasa wakaliimba jina lake.

Marlee alishuka mbio, machozi yakimtoka, akamkumbatia na jasho lake lote. "Kumbe ni kweli, Baba! Kumbe miaka yote hii ulikuwa unasema kweli!"

"Mungu wangu," Joleen alisema nyuma yao. "Sasa zitakuwa hadithi mbili."

Duane hakumjali. Hakuna siku aliyowahi kuwa na furaha kama hiyo. Alipiga picha na kila aliyetaka na wengine ambao hawakutaka, kisha akaenda kwenye benchi la Fenwick kuwapa pole, yaani kuwasimanga kidogo.

Alimkuta Troy amempa mgongo, akimrudishia Marlee sahani tupu.

"Pai yako tamu, binti, hatukubakisha hata chembe," Troy alikuwa akisema. "Ila bibi yako, kwa kazi hii hii, alituletea mbili."